Zoezi la Nne

Gerezani, Tabora
10 Machi 2024

Kwa dada yangu Kulwa, Nkololo.

Mwangaluka dada. Kama barua imekukuta jioni, basi mwadila, chagua mwenyewe. Mimi huku ni mzima, kiasi cha mtu wa huku. Malaria ilinishika Januari ikaniachia, na sasa nimepangiwa bustani ya mboga, kwa hiyo jua napata mpaka la kugawa. Shemeji Marcelo hajambo? Jenifer yuko darasa la ngapi sasa, la sita? Nasikia mvua za mwaka huu zimewapiga vibaya, pamba imeoga maji. Ng'ombe wana nyasi angalau.

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza hukuzijibu na sikulaumu. Mtu aliyerudisha Fuso nyuma uani kwako akamkanyaga mtoto wako wa miezi kumi, atadai majibu kwa mdomo upi?

Ila mwezi uliopita jirani yako Bundala alikuja kumtembelea nduguye aliyefungwa hapa, akanipa habari zako. Anasema ndoo ya maji huibebi tena. Mgongo umekaza, pumzi inaishia shingoni, hospitalini wamekupiga picha mara mbili hawaoni kitu. Wakakuambia ufanye mazoezi, nawe ukawauliza kama kulima ekari tatu za pamba siyo mazoezi. Nilicheka dada, nisamehe. Halafu nikaenda nyuma ya bustani nikalia.

Sasa sikiliza. Tuna mzee mmoja hapa, Mwalimu Salu, alikuwa anafundisha michezo shule za msingi kabla ya yaliyomleta huku. Kila asubuhi anatulaza sakafuni watu kumi na nne. Anasema mtoto mchanga hana kocha na hakuna anayemshinda kwa mgongo. Anapumua kwa tumbo, anainua kichwa, anajigeuza, mpaka siku anasimama. Sisi tulipopata viti na jembe tukasahau yote. Mimi nilikuja huku siwezi kuinama kufunga kamba ya kiatu, leo naweza.

Zoezi la kwanza ni hili. Tandika mkeka, lala chali, kunja magoti nyayo zikae chini. Funga mdomo, ulimi uguse juu. Weka kiganja kwenye kitovu. Vuta hewa kwa pua mpaka kiganja kipande, kifua kitulie. Itoe polepole. Usilazimishe. Dakika tano tu asubuhi, tano jioni.

Lingine ni hili, nalisema mara moja. Februari mwakani namaliza. Tangu mama atangulie sina mlango mwingine wa kubisha hapa duniani zaidi ya wako. Je, nije? Kama hutaki kulijibu hilo, liache. La pumzi nijibu.

Nduguyo unayemjua,
Shija


Nkololo
2 Mei 2024

Shija,

Mhola. Tu wazima. Jenifer yuko la sita kama ulivyosema, hesabu hazipandi lakini anaimba. Pamba tumeokoa nusu. Marcelo ni mzima na hajui kama naandika. Barua zako anapokea Mwalimu Goodness kwa anwani ya shule, ananiletea ndani ya mkoba wa madaftari, nami nazisomea jikoni. Hizo tatu za kwanza nilizitia motoni. Mbili nilizisoma kwanza.

Jambo moja tulimalize leo. Umeandika "mtoto wako wa miezi kumi". Ana jina. Anaitwa Mayige, na kofia yake ya kwanza ulimnunulia wewe mnadani. Ukiniandikia tena liandike, usilikwepe kama shimo la barabarani.

La kuja usiniulize. Marcelo ameapa mbele ya ndugu zake kwamba siku utakapokanyaga ua huu, mmoja wenu atazikwa. Hakuapa kwa pombe, aliapa mchana kweupe na mama yake, Nyanjige, akiwa amekaa pale anaitikia kwa kichwa. Nyumba siyo yangu peke yangu, Shija.

Kuhusu hiyo pumzi. Nilijaribu ili nione upuuzi wako unaishia wapi. Nikalala jikoni kwenye mkeka, kiganja tumboni. Jenifer akaingia akauliza, mama umeanguka? Nikamwambia napumzika, akanishangaa, maana hajawahi kuniona napumzika saa tatu asubuhi. Tumbo halikupanda. Kesho yake halikupanda. Siku ya tisa likapanda. Machozi yakanitoka wala sikuwa nawaza kitu, yakawa yanaingia masikioni tu. Nilipoamka niliweza kuangalia juu ya bega bila kugeuza mwili mzima.

Usiniandikie mambo ya kumwachia Mungu, wanayasema wengi hapa. Niandikie zoezi la pili.

Kulwa


Gerezani, Tabora
26 Mei 2024

Dada Kulwa, mwangaluka.

Barua yako imenikuta bustanini nikiwa na matope mpaka magotini. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Wabeja sana kwa kuniandikia. Nafurahi kusikia Jenifer anaimba, hesabu zitakuja, hata sisi hazikutupanda. Hapa mzee mwingine wa selo yetu amefariki wiki iliyopita, tulimzoea.

Mayige. Nimeandika. Mayige, Mayige.

Nimemsomea Mwalimu Salu ile habari ya siku ya tisa, akasema huyo dada yako ni mwanafunzi, wewe ni mzembe. Anasema machozi yale usiyashangae. Mtu akishikwa na jambo zito, anabana tumbo kama anayengoja ngumi, na akisahau kuliachia, basi miaka inapita tumbo limebana tu. Likianza kulegea hutoka na vilivyokuwa ndani.

Zoezi la pili: lala kifudifudi, jiegemeze kwenye viwiko. Macho yatangulie kwanza juu, kichwa kifuate. Kisha chini. Kulia, kushoto. Polepole, kama mtu anayesikiliza mlio wa mbali. Mara kumi.

La tatu: lala chali, geuka mpaka kifudifudi bila kusukuma kwa miguu. Tazama upande unaokwenda, kichwa kifuate, bega, kiuno, mguu uje mwisho. Rudi. Kulia na kushoto. Utacheka, kila mtu hucheka.

La tano: simama, tembea. Ndiyo, kutembea tu, lakini mkono wa kulia uende na mguu wa kushoto, mikono itupwe huru, usishike kitu. Mwalimu anasema wanawake wetu wamebebeshwa tangu utoto hadi wamesahau kwamba mikono hutupwa. Tembea hadi kisimani bila ndoo, rudi, halafu ndipo uende na ndoo.

Tena ukitoa pumzi ile ya kwanza, itoe na sauti. Aaaa, hadi iishe. Kifua hufunguka kwa sauti.

Namaliza karatasi.
Shija


Nkololo
11 Agosti 2024

Shija mdogo wangu,

Mwadila. Umengoja sana, najua. Ulikuwa msimu, tumechuma mpaka vidole vimetoboka, halafu foleni ya mizani kwenye ghala la ushirika, AMCOS, Marcelo alikesha huko siku mbili. Mama mkwe aliumwa macho, nikawa namwosha. Mwalimu Goodness naye alikuwa likizo kwao. Michembe ya viazi nimeanika mingi mwaka huu. Ningekuwa na njia ningekutumia gunia, wewe na huyo mwalimu wako.

Nina habari. Ndoo naibeba. Ya lita ishirini, kutoka kisima cha chini, na juzi nikaifikisha bila kuitua njiani. Wanawake kisimani wakaniuliza nimekunywa dawa gani, nikawaambia dawa ya kugaagaa. Wakacheka, lakini wawili walikuja Jumapili baada ya misa nikawalaza jikoni. Tulivyogeuka pale, Shija! Mwenzangu mmoja ana mwili, aligeuka nusu akakwama, tukamsukuma wote. Nilicheka kwa mdomo wangu huu. Nikashtuka kusikia naweza.

Baadaye nikajichukia. Nilijiona kama nimecheka juu ya kaburi.

Usingizi umerudi. Ubavu wa kushoto niliokuwa siwezi kuulalia, naulalia. Marcelo ananitazama. Juzi aliniambia, unatembea kama zamani. Ni neno refu kwa Marcelo.

Mawili sasa. La kwanza, sauti sitoi. Napumua kimya. Nikifungua mdomo ili nitoe hiyo aaaa, inatoka pumzi tu. Usiniulize sababu.

La pili, umeniandikia moja, mbili, tatu, tano. Darasa la saba tulimaliza wote. La nne liko wapi?

Kulwa


Gerezani, Tabora
1 Septemba 2024

Dada,

Salamu kwa Jenifer, na pole ya macho kwa mama mkwe wako. Ndoo ile ya lita ishirini nimeitangaza selo nzima, wamepiga makofi.

Uliniambia niache kukwepa. Basi.

Zoezi la nne ni kutambaa. Viganja na magoti chini, mgongo umenyooka, unatazama mbele. Kwanza unayumba mbele na nyuma hapo ulipo, kisha unakwenda, mkono wa kulia na goti la kushoto. Mwalimu Salu anasema hilo ndilo linalofunga mwili wote pamoja, asiyetambaa ameacha mzigo njia panda.

Mimi silifanyi. Wenzangu wakifika hapo nageukia ukuta. Mayige alikuwa anatambaa, dada. Siku ile kabla ya kula alikuwa amenitambalia mpaka miguuni, akashika suruali yangu. Nimewahi kujaribu mara moja, niliweka viganja chini nikaona tairi. Mwalimu aligundua nimekuandikia nikaliruka, akanikasirikia, akasema nimekudanganya. Mimi nilisema nimekuhurumia. Akasema unajihurumia mwenyewe.

Usilifanye. Manne yanatosha.

Shija


Nkololo
20 Oktoba 2024

Shija,

Sisi ni wazima. Mvua za kwanza zimenyesha, tunatayarisha mashamba. Jenifer amekata nywele. Hayo yatoshe.

Afande unayesoma barua hii kabla ya mdogo wangu, soma vizuri hapa, maana na wewe nataka usikie. Mimi naitwa Kulwa, ni mama wa Mayige. Siku ile mdogo wangu hakuwa peke yake. Mahakamani alisema, "Nilikuwa peke yangu, sikuwa na mtu wa kunielekeza." Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Nilisikia kila neno nikanyamaza.

Wewe Shija unajua. Utingo wako alibaki ghalani. Ulitaka kungoja, mimi nikasema twende, mimi nitakuelekeza, nani asiyejua kurudisha gari? Nikasimama upande wako unione kwenye kioo. Nikawa napiga bodi kwa kiganja, rudi, rudi, bado, rudi. Na macho yangu, Mungu wangu, macho yangu yalikuwa kwenye kihenge. Uzio wa minyaa ulikuwa umebana, na gari lako pana, nikaogopa litaangusha kihenge chetu. Nilikuwa nalinda mahindi.

Miaka miwili nimejiambia kwamba mtoto alitokea ghafla. Wote walisema hivyo msibani, watoto hutokea ghafla, nami nikalishika neno hilo nikaishi nalo.

Wiki iliyopita Marcelo alikwenda mnadani na ng'ombe, Jenifer shuleni. Nikasema zoezi la nne nitalifanya, tena hapo hapo. Nikaanzia mlango wa jikoni nilipokuwa nimemweka kwenye mkeka. Viganja na magoti. Nikatambaa hadi pale tairi lilipokuwa.

Shija, ni mbali. Mtu mzima ukipita kwa miguu ni hatua nane. Chini pale ni mbali sana. Nilihesabu viganja, vyangu vikubwa, nikapata thelathini na moja. Vyake vingekuwa mara mbili. Kuna jiwe katikati, ilibidi alizunguke. Mtoto hakutokea ghafla. Alitambaa muda wote ule nikiwa naita, na hakuna kilichomficha, wala gunia wala mti. Ningegeuza shingo mara moja ningemwona.

Na nilipofika mwisho nikainua kichwa kama ulivyofundisha, macho kwanza. Unajua naona nini kutoka pale? Mahali nilipokuwa nimesimama. Alikuwa anakuja kwangu. Alisikia sauti ya mama yake akawa anaifuata.

Ndiyo maana sauti haitoki. Ulitaka kujua, sasa unajua.

Nitamwambia Marcelo. Sijui siku gani, lakini nitamwambia.

Dada yako, kama bado,
Kulwa


Gerezani, Tabora
24 Novemba 2024

Dada yangu Kulwa,

Usiandike tena "kama bado". Tumenyonya titi moja.

Barua yako ilichelewa kunifikia. Afande aliniita ofisini, nikajua nimefanya kosa bustanini. Akafunga mlango akasema, kaa, isomee hapa hapa. Nilipomaliza aliniuliza kama nataka maji. Kisha akagonga muhuri wake, akaandika "ya kifamilia", akasema dada yako hakushika usukani, na kesi imekwisha. Ni mtu mkali sana yule, hatujawahi kumwona hivyo.

Sasa nakuomba kwa jina la mama yetu. Usimwambie Marcelo. Ule uongo niliusema kwa akili zangu timamu. Nilimjua Marcelo, na mama yake nilimjua zaidi. Wangekutoa nyumbani kabla matanga hayajaanuliwa. Mimi nilikuwa nakwenda jela kwa vyovyote, mguu uliokanyaga mafuta ni wangu. Kulikuwa na haja gani ya kwenda wawili? Wewe ulikuwa na Jenifer. Mimi nilikuwa na Fuso, na tena ya mtu.

Nitasema kweli na mimi, kwa kuwa umeanza. Kuna miezi nilikuchukia. Si kwa ajili ya kioo. Kwa ajili ya lile benchi la pili. Nilikuwa sitaki useme, ungesema ningekukatalia mbele ya hakimu, lakini moyo ulikuwa unakungoja usimame. Ndiyo maana barua zangu tatu zile zilitoka vile, zimejaa Mungu na hazina mtu ndani. Nilikuwa naandika nimekunja ngumi. Hayo yamekwisha, nakwambia ujue tu yalikuwepo.

Lile neno lako la mwisho, kwamba alikuwa anakuja kwako, nimelala nalo siku nyingi. Mwalimu Salu nilimsomea, akavua miwani akatoka.

Juzi nimetambaa. Toka ukutani mpaka mlangoni. Nililia mwendo wote, wenzangu wakanipisha.

Nyamaza, dada. Nikitoka nitapita Kahama nitafute vibarua, sitakuja Nkololo, na wewe ukae na nyumba yako na mwanao. Miaka yangu miwili niliitoa ili ukae nayo. Usiitupe.

Shija wako


Bariadi mjini
12 Januari 2025

Shija,

Mwangaluka. Mimi ni mzima. Jenifer ni mzima, niliambiwa. Anwani nimebadilisha, utaona juu.

Barua yako ya Novemba nimeipata juzi, Januari, mkononi mwa Mwalimu Goodness aliyenifuata mpaka huku mjini. Ilikaa sandukuni shule imefungwa. Marcelo nilimwambia tarehe ishirini na tatu Desemba. Ingefika mapema ningekusikiliza? Sijui. Naona nisingekusikiliza.

Alikuwa anatia mpini jembe. Nikakaa mbele yake chini, nikavuta pumzi ile ya tumbo mara tatu, maana bila hiyo nisingeweza, nikasema yote bila kusimama. Aliuliza swali moja tu. "Ulikuwa unaangalia wapi?" Nikasema, kihenge.

Akanyanyuka. Akaenda kwenye kihenge akaanza kukibomoa kwa mikono. Hakuchukua shoka wala panga. Fito moja, nyingine, nyingine, mpaka mikono ikatoka damu. Mahindi yakamwagika uani, kuku wakaja, mbuzi wakaja, hakuwafukuza. Majirani walisimama nje ya minyaa wanatazama, hakuna aliyeingia. Alipomaliza aliketi juu ya mahindi akalia kwa sauti, Shija. Mwanaume yule hakulia msibani. Nilitaka kumgusa nikaogopa.

Jioni ile alifungua ng'ombe akaenda nao kwa mama yake. Kesho yake mama mkwe akaja na wazee wawili. Hakunitukana. Alisema, mwanangu hawezi kula chakula chako tena, nenda ukapumzike kwenu. Kwetu wapi, naye anajua hatuna kwetu? Nikafunga kanga mbili na sufuria moja. Jenifer amebaki na baba yake. Amefika la saba, ana mtihani mwaka huu, nikasema nisimhamishe. Alinisindikiza hadi barabarani, akaimba kidogo ili nisilie, nikalia. Hilo ndilo linaniua. Hayo mengine nayabeba.

Marcelo simlaumu. Wala wewe usimlaumu.

Huku nimepanga chumba kwa Bi Mwanamisi, mjane anayeuza vitenge karibu na msikiti. Asubuhi namsaidia mama mmoja kupika chai na maandazi. Mkeka wangu upo. Nafanya yote matano, kila siku, chumba kinatosha kutambaa mara mbili kwenda na kurudi. Jumatatu iliyopita, nilipokuwa natoa pumzi ile ya kwanza, sauti ilitoka. Haikuwa "aaaa" yako, Shija, nilipiga ukunga kama niliyechomwa moto. Bi Mwanamisi alisukuma mlango akanikuta chali sakafuni, akadhani nimeng'atwa na nyoka. Nilipomwonyesha hakuna kitu, alikaa chini pembeni yangu na mtandio wake mweupe wa sala, akanishika mguu mpaka nikamaliza. Baadaye akaniletea chai.

Mgongo wangu mzima kabisa sasa. Ungeniona ungedhani ni msichana. Watu wananiambia nimependeza, na mimi nawaitikia.

Kahama usiende. Umeniambia nisiitupe miaka yako miwili, nami nimeshaitupa, ndiyo hivyo, tutaishi na hilo wote wawili. Wakikufungulia mwezi ujao panda basi la Bariadi, uteremke stendi. Nimeulizia, linaingia kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Nitakuwepo kuanzia saa nane, kila siku, kwa wiki nzima, kama tarehe zao zitayumba.

Sikuahidi kukukumbatia. Huenda nikiuona uso wako nitaona kile kioo, pumzi ikakatika tena. Huenda nikakuzaba kofi mbele ya bodaboda wote, ulipokee. Lakini begi lako nitakupokea, nitalibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Usiniambie pole na usinieleze kitu. Tembea ubavuni kwangu, nikuone. Nyuma yangu usikae.

Dada yako,
Kulwa